Nduru Ilitoka Juu, Ng'ombe Wakatoka Chini

Nasikia vijana wa kata hii mlialikwa semina Kisii mjini, mkalala hotelini, mkala kuku, mkafundishwa kwamba uhalifu unaweza kupunguzwa kwa mbinu za ubunifu. Mlipita hapa kwangu mkirudi, kalamu mpya mifukoni, mkaniambia, "Magokoro, hii ni sayansi mpya. Ukiwa na tatizo unaligeuza kinyume. Unatumia kitu kilichopo. Unatafuta pale mambo mawili yanapogombana." Mimi ni nyanya yenu, na nyanya habishani na wageni wakiwa wanakunywa chai yake, kwa hiyo nilinyamaza. Sasa mmekwenda, na mimi sinyamazi tena. Hayo yote tuliyafanya hapa hapa, kwenye mteremko huu wa chini ya Nyaramba, kabla mama zenu hawajaota meno, na hakuna aliyetupa kalamu.

Nilikuwa msaidizi wa maendeleo ya jamii. Uhuru ulikuwa bado mchanga, Nyamira haikuwa hata wilaya, sote tulikuwa Kisii tu. Kwenye karatasi kazi yangu ilikuwa kufundisha wanawake usafi, kupika uji wa watoto, kusoma na kuandika, na kuhimiza watu wachimbe vyoo. Nilipewa baiskeli. Mwanamke juu ya baiskeli siku hizo alikuwa sinema. Watu walitoka jikoni na mwiko mkononi kunitazama nikipita. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani akanionya kwamba nitakosa watoto. Nimezaa, nimelea, nina wajukuu wanaoniletea makaratasi ya semina, na baiskeli niliiendesha mpaka ikachoka yenyewe.

Aliyenifundisha kufikiri hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa fundi wa maji wa halmashauri, Fundi Odhiambo, mtu wa kule ziwani, mrefu, mwenye kofia ya nyasi ambayo hakuivua hata akiombea chakula. Kazi yake ilikuwa kujengea chemchemi, yaani kuzizungushia mawe na saruji na kutoa bomba ili watu wasichote maji pamoja na vyura. Mimi nilikusanya watu wa kubeba mawe, yeye akajenga. Mara ya kwanza nilimwona anakaa tu juu ya jiwe huku watu wangu wamesimama na majembe. Nikamuuliza kama ni mgonjwa.

"Nyar Kisii," alisema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Kisii, "mimi iko kazini. Naangalia hii maji inataka nini."

"Maji yatake nini, Fundi? Si ni maji?"

"Inataka kushuka. Sasa wewe ukienda kupigana nayo huku juu, itapita kando, itapita chini, itakucheka. Lakini iko mahali moja lazima ipite. Hapo ndio unangoja."

Nilidhani ananichezea. Lakini tulijenga chemchemi nyingi pamoja, na kila mara alianza kwa kukaa juu ya jiwe. Alikataa kuuliza swali la kwanza linalomjia mtu. Watu wakisema, "Bomba limeziba, nani ameziba?" yeye aliuliza, "Limeziba wapi?" Swali la nani, alisema, linaleta ugomvi, na swali la wapi linaleta jembe. Nimelitumia swali hilo kwa vyoo, kwa vikundi vya akina mama, kwa ndoa za watu, na mwisho kwa wezi.

Wezi wangu wa kwanza walikuwa Kenyenya. Nilipelekwa kule kusaidia kikundi cha wanawake kilichokuwa na stoo ya maharagwe na wimbi. Stoo ilivunjwa. Kamati ikanunua kufuli. Kufuli ikavunjwa. Wakanunua kubwa zaidi. Ikavunjwa pia. Wakachanga wakanunua kufuli ya kutisha, ya chuma kizito, imetoka Kisumu, na mwenyekiti akaifunga mwenyewe watu wakipiga makofi. Asubuhi maharagwe yalikuwepo yote, wimbi ulikuwepo wote, na kufuli ilikuwa imeibwa.

Nilicheka nikaambiwa sina adabu. Basi nikakaa juu ya jiwe langu. Mwizi wa stoo anataka nini? Anataka mlango umfiche akishaingia. Sisi tulikuwa tunamjengea chumba cha kufanyia kazi kwa nafasi, na tunamwekea kufuli ili ajue kuna kitu. Nikawaambia wang'oe mbao za mbele, zile zinazotazama barabara, waweke fito zilizoachana, ili kila anayepita aone magunia na aone kama kuna mtu ndani. Mwenyekiti alinitolea macho. "Tuzuie wizi kwa kubomoa ukuta?" Nikamwambia ndiyo, na kama hataki anunue kufuli nyingine, mwizi anaingoja. Waling'oa mbao. Stoo ile haikuguswa tena wakati wote niliokuwa kule, na panya nao wakahama, maana paka waliona ndani kama watu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo la ng'ombe halikuwa mchezo wa maharagwe.

Huku kwetu mto ndio mpaka. Upande huu ni sisi Abagusii, ng'ambo ni Wakipsigis. Siku za soko la Nyaramba tulikuwa marafiki: wao walileta maziwa kwenye vibuyu, sisi tukawapa ndizi, na kila upande uliamini umempunja mwenzake. Siku nyingine tulikuwa maadui. Katika miaka ile ya sabini ng'ombe walianza kutoweka upande wetu, wawili hapa, watatu pale, mchana kweupe, na daima siku ya Jumamosi. Jumamosi ni siku yetu ya kusali. Asubuhi mteremko mzima uko kanisani, nyumba zimefungwa, ng'ombe wako malishoni na mzee mmoja au hayuko mtu.

Watu tukitoka kanisani, nduru inasikika kutoka juu ya mlima: Uwii! Wezi! Ng'ombe! Na hapa lazima niwaeleze, kwa sababu ninyi mmekua na simu mkononi. Nduru ilikuwa amri. Mwanamume akisikia nduru hakuuliza ya nani. Aliacha chakula, aliacha mgonjwa, akachukua upinde au rungu akakimbia kuelekea sauti. Asiyekimbia aliitwa mwoga, au mbaya zaidi, aliitwa mwenzao wa wezi, na hakuna aliyempa binti wala moto wa kuwashia jiko. Kwa hiyo wanaume wote walipanda mlimani wakihema. Wakifika juu hawakuona kitu. Wakirudi chini walikuta ng'ombe wa bondeni hawapo.

Katika walioibiwa alikuwemo kaka yangu Makori. Alikuwa amekusanya ng'ombe wa mahari kwa muda mrefu, mwanamume tayari mvi zinachungulia, na mchumba wake amengoja mpaka watu wamechoka kuuliza. Wote walikwenda Jumamosi moja. Makori hakulia wala hakufoka. Alianza kuchonga mishale. Alikaa nje ya nyumba yake akichonga, na wanaume wengine wakaja wakakaa naye wakichonga, na wakakubaliana kwamba ng'ombe mwingine akipotea wanavuka mto kwenda kumchukua, pamoja na damu ya atakayesimama njiani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sikuogopa ng'ombe kupotea. Niliogopa kumzika kaka yangu, na kusikia matanga ng'ambo ya mto siku hiyo hiyo.

Serikali haikukaa bure. Chifu alikusanya kila kijana asiye na kazi akamfungia tangu Ijumaa. Jumamosi ng'ombe wakaibwa kama kawaida, na vijana wakatoka wakiwa na chawa. Mimi nilikwenda kwa mkubwa wangu wa idara, mtu mwenye tai na meza ya kioo, nikamwambia nataka kuitisha mkutano juu ya wizi. Akaniambia kwa upole, kama anayeongea na mtoto, "Mama, kazi yako ni sabuni na vyoo. Wizi una wenyewe."

"Bwana," nikamwambia, "aliyekufa kwa mshale hahitaji choo."

Akaniambia akinisikia tena kwenye mambo ya ng'ombe ataniandikia barua ya onyo. Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa, macho yangu hayaoni vizuri. Hayakuwa na shida yoyote macho yangu.

Jaribio langu la kwanza liliniaibisha, na niwaambie mcheke. Niliwashauri watu wafunge kengele shingoni mwa ng'ombe. Tulipata kengele, mteremko ukalia kama shule nzima inatoka darasani. Jumamosi ng'ombe wakaibwa na hakuna aliyesikia kitu. Tulizikuta kengele mbili njiani, zimeshindiliwa majani ya mgomba, zimenyamaza kimya. Makori alizileta akazitupa miguuni pangu. "Chukua," akasema, "kapikie uji."

Nilikwenda nazo sokoni Nyaramba siku ya soko, nimechukia dunia nzima. Hapo nilikuwa na rafiki, mama wa ng'ambo aitwaye Chebet, muuza maziwa, mwenye mdomo kama wangu. Tuliongea Kiswahili kwa sababu yeye hakujua Kigusii na mimi sikujua lugha yake, na kila mmoja alidhani Kiswahili cha mwenzake ndicho kibaya.

"Wewe leo hununui maziwa?" aliniuliza.

"Sinunui kitu kwenu. Watu wenu wanamaliza ng'ombe zetu."

Chebet aliweka kibuyu chini. "Sisi? Mama, si ni nyinyi mnamaliza zetu! Kila Jumamosi. Tunasikia nduru huko kilimani, wanaume wanakimbia wote, wakirudi ng'ombe hakuna. Wazee wetu wanatengeneza mishale sasa hivi."

Nilikaa juu ya debe lake bila kuombwa. Nduru. Kilimani. Jumamosi. Nikamuuliza, "Nduru hiyo alipiga nani?"

"Wezi walikuja, mtu akapiga."

"Mtu gani?"

Chebet akafikiri. Hakujua. Na mimi nilipofikiri, sikujua aliyepiga ya kwetu. Kila mtu aliikimbilia, kila mtu alidhani ni jirani wa mbele, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akasema, ni mimi niliyelia. Wezi ndio waliokuwa wakipiga nduru! Mmoja wao alipanda juu, akalia, akatuvuta wanaume wote kama mtu anayevuta mbuzi kwa chumvi, na wenzake wakatoa ng'ombe bondeni. Heshima yetu yenyewe ndiyo iliyokuwa ufunguo wao.

Nilirudi nikaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa, barua ya onyo ije tu. Niliwaeleza yote. Mnadhani walinishukuru? Aliyesimama wa kwanza alikuwa mchuuzi wa ng'ombe tuliyemwita Bwana Koti, kwa sababu alivaa koti la suti hata kwenye matope, mtu anayenunua ng'ombe vijijini na kuwauza Kisii. Alisema nimetumwa na ng'ambo, nanywa maziwa yao nalipa kwa siri zetu. Akasema wanaume wa kweli wangekuwa wameshavuka mto. Alipigiwa makofi. Kisha akasimama Makori.

"Dada," alisema, "tuseme nduru saba ni za uongo. Ya nane akilia mama yetu, nibaki nimekaa?"

Niliufunga mkutano. Na hilo ndilo ninalotaka mlijue, ninyi wa semina. Pale ndipo mambo mawili yalipogombana. Ukikimbia, umeibiwa. Usipokimbia, umemwacha mtu wako. Mtu mvivu anachagua moja na kuilazimisha. Fundi Odhiambo angekaa juu ya jiwe.

Nikakaa. Nilikuwa na zile kengele mbili mezani, zimejaa majani. Mwizi alizikuta zinalia akazinyamazisha. Ndiyo kazi ya mwizi: penye sauti analeta kimya, na panapomfaa anapiga sauti yake ya uongo. Anaweza kuiga nduru, maana kila mwenye koo ana nduru. Lakini je, kama sauti ingekuwepo muda wote, na ishara ya hatari ikawa ni kunyamaza? Kimya hawezi kukiziba kwa majani. Na ng'ombe, kama maji, wana mahali wanapolazimika kupita. Mto wetu una kingo za kuvunja shingo. Ng'ombe anavuka penye vivuko vitatu tu, cha juu, cha kati na cha chini, na kila mtu hapa anavijua.

Nilikwenda kwa pasta. Kwaya na vikundi vya kina mama viliimba kila Jumamosi mchana kanisani. Nikamwomba waimbie kwenye vivuko, kila kikundi kwenye kivuko chake, waimbe mfululizo, wakipokezana wasichoke.

"Kulinda ng'ombe ni kazi," alisema pasta. "Siku ya kupumzika hatufanyi kazi."

"Tutakuwa tumekaa, Pasta. Hatutainua hata jiwe. Kuna dhambi gani kumsifu Mungu kando ya maji?"

"Wewe," alisema, "ungezaliwa mwanamume ungekuwa wakili." Nikamwambia hata hivi nilivyo namshinda yeye. Akakubali.

Chebet naye aliwapanga wanawake wa kwao. Wao husali Jumapili, kwa hiyo Jumamosi walikuwa huru kufua. Walikubaliana kufulia kwenye mawe ya ng'ambo, karibu na vivuko hivyo hivyo. Upande mmoja nyimbo, upande wa pili sabuni. Mkubwa wangu alitaka nihangaike na sabuni, basi nikahangaika nayo.

Wanaume nikawaambia hivi: wazee, wenye miguu mizito, waende kwa anayepiga nduru, ili kama ni kweli asikose mtu. Wenye mbio wakimbilie pale wimbo utakapokatika. Na kwa Bwana Koti tusipeleke neno, kwa sababu ng'ombe wote wanaopotea mwishowe wanahitaji mnunuzi. Makori alikuwa anasugua upinde mafuta.

"Kwa hiyo anayelia nimwache," alisema, "nikawakimbilie walionyamaza."

"Ndiyo."

"Mwanamume hafanyi hivyo."

"Basi fanya vile mnavyofanya siku zote. Panda mlima, rudi mtupu, chonga mishale. Mnajua sana kuchonga."

Aliniambia ataamua akiwa njiani. Sikupata zaidi ya hapo. Yeye na wenzake walikuwa wamefunga mishale mafungu mafungu, na kila mtu alijua kwamba Jumamosi hiyo ndiyo ya mwisho kuvumilia.

Tuliimba. Mimi nilikuwa kivuko cha kati, na sauti yangu ni mbaya, nayo niliitoa yote. Kutoka chini tuliwasikia wenzetu, kutoka juu tuliwasikia wengine, na ng'ambo Chebet na watu wake wakifua nguo ambazo nadhani zilikuwa zimeshatakata mara tatu. Kisha nduru ikatoka mlimani kwetu. Uwii! Ng'ombe! Mwili unataka kuinuka, koo linataka kuitika, tumelelewa hivyo. Dada mmoja kando yangu alikuwa analia machozi na anaendelea kuimba.

Wakatokea. Walitoka kwenye kichaka cha ng'ambo, wanaume wawili wakiswaga ng'ombe wanne, wakaingia majini kuja upande wetu. Mmoja hatukumjua. Mwingine alikuwa amevaa koti la suti, suruali ameikunja.

Tulinyamaza.

Bwana Koti alisimama katikati ya mto, maji magotini. Alitabasamu. "Hamjambo kina mama," alisema. "Mbona mmeacha? Endeleeni, mnaimba vizuri sana."

Tulikuwa tumekaa njiani, tumejaza kivuko chote, mabega yakigusana.

"Imbeni, kina mama," alisema tena. "Hawa ng'ombe ni wangu. Nimewanunua."

Nyuma yake Chebet alikuwa ameshuka kwenye mawe na wenzake, nguo zikichuruzika mikononi, wakaziba kivuko upande wao. "Huyo mwekundu umenunua kwa nani?" alipiga kelele. "Mimi nimemkamua asubuhi!"

Wakabaki pale majini, mbele wanawake, nyuma wanawake. Kule juu nduru ilikuwa bado inalia, na mimi nilijua kwamba barabarani wanaume wamesimama wakiisikia. Niliwaza, Makori atapanda. Amelelewa kupanda. Sisi tumenyamaza na hatakuja mtu, na hawa wawili wana marungu.

Kisha nikasikia miguu ikishuka. Makori alikuwa wa mbele, upinde mkononi, na nyuma yake wengi. Waliona koti. Nadhani kwa muda mfupi hawakuelewa wanachokiona, maana huyu ndiye aliyekula kwao, aliyewapa pole, aliyewaambia wanaume wa kweli wavuke. Na kando yake alikuwa mtu wa ng'ambo, mwizi mwenzake. Wawili hao walielewana kuliko sisi wote wa pande mbili. Walichukua ng'ombe huku wakawapeleka kule, wakachukua wa kule wakawaleta huku nduru ikiwaondoa wanaume njiani, wakawauza mbali, na kila upande ukachonga mishale kwa ajili ya mwingine.

Makori aliweka mshale kwenye upinde. Wanaume wakaanza kushuka majini. Bwana Koti akaanza kupiga magoti ndani ya maji.

Niliinuka hapo tu. Niliingia mtoni na nguo yangu ya kanisani nikasimama mbele ya yule mwizi, ambaye nilimchukia, na ambaye namchukia hata leo. "Mtaanza na mimi," nikasema. Kina mama wakaingia nyuma yangu, wakatuzunguka. Wanaume walipiga kelele, wakatutukana, mmoja akasema tumelipwa. Nikamwambia Makori, "Umeshuka badala ya kupanda. Hilo lilikuwa gumu kuliko hili. Maliza." Alinitazama kwa chuki kabisa, kaka yangu wa tumbo moja. Kisha akatoa mshale kwenye upinde. Askari wa chifu walikuja wakawachukua wawili wale, na yule wa nduru naye wazee walimkuta mlimani akiwa bado analia kwa bidii, hajui kwamba mambo yameisha.

Wakabaki ng'ombe wanne. Chebet alisema, "Nikirudi nao peke yangu, watasema mmeogopa mkaacha. Ni lazima aje mwanamume wenu awaswage."

Hakuna mwanamume aliyejitolea. Kuvuka kwenda kwa watu waliochonga mishale kwa ajili yako, mchana, peke yako! Makori aliweka upinde wake juu ya nyasi. Aliweka na mishale. Akakata fimbo, akaingia majini, akawaswaga ng'ombe wa watu aliokuwa amepanga kuwaua, akapotea nao kichakani na Chebet mbele yake.

Tulingoja. Jua liliegemea upande wa pili wa bonde na mimi nilikuwa nimeshamzika kaka yangu kichwani mwangu, na nimeshajilaumu, na nimeshamlaani Fundi Odhiambo na mawe yake.

Alirudi amelowa mpaka kiunoni. Alikaa kando yangu, akavua viatu, akamwaga maji.

"Wamepokea?" nikamuuliza.

"Wamepokea. Wazee wao wamenishika mkono." Akakamua suruali yake. "Nimepita penye mishale yao. Ilikuwa mingi kuliko yetu. Imeshafungwa tayari, iko nje ya nyumba."

"Walikuwa wanangoja nini?"

"Walikuwa waje kesho," alisema Makori.

Barua ya onyo niliipata, imeandikwa kwa mashine, kwamba nimejiingiza katika mambo yasiyo ya idara yangu. Mkubwa wangu hakukosea. Hayakuwa ya idara yangu. Nendeni na ninyi mkajiingize. Na ile kesho waliyopanga kuja, Jumapili, pande zote mbili za mto watu waliamka wakakamua ng'ombe.